Mlaze Ubavu, Usimwache

Jumatatu, 2 Machi

Muhula umefunguliwa na mvua. Katika kikao cha walimu nimepewa kipindi ambacho hakuna aliyekitaka: pombe, sigara na dawa za kulevya, kidato cha pili, kila Alhamisi saa ya mwisho. Mkuu wa shule, mama mwenye sauti ya taratibu kama anayebembeleza mtoto, alisema, "Wewe ni wa baiolojia, mwalimu. Mapafu na maini ni yako." Wenzangu wakacheka na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Sikukataa. Sikushukuru pia.

Alhamisi, 5 Machi

Mkuu alinipa picha za kubandika ukutani: fuvu, jeneza, mtu amelala mtaroni. Nikazibandika. Wanafunzi walizitazama kama mtu anavyotazama kalenda ya mwaka jana. Nikaeleza moshi unavyofanya kazi ndani ya mapafu. Aliyeinua mkono ni mvulana wanayemwita Wakili, kwa sababu hata ukimwambia leo ni Alhamisi atataka ushahidi.

"Mwalimu, babu yangu anavuta tangu ujana wake, na mpaka leo anapanda mlima."

"Na wenzake aliokuwa akivuta nao wako wapi?"

Akafikiri. "Wengine walihama, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilitaka kucheka, nikajizuia, nikidhani kicheko kingeharibu somo. Somo lenyewe lilikuwa limeshaharibika.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Mtaro wa nyuma ya madarasa umeziba, maji yameingia mpaka ofisi ya walimu. Tumesahihisha madaftari miguu ikiwa juu ya viti.

Jumapili, 8 Machi

Nilipokuwa nikiandaa somo mezani, mama mkwe aliuliza ninaandika nini. Nikamwambia: madhara ya tumbaku. Akachukua ugoro wake, akavuta pua ya kulia, akavuta ya kushoto, akapiga chafya tatu za nguvu. "Waambie hao watoto waache," akasema. "Tumbaku ni mbaya sana." Nikamwuliza na huo je? "Huu ni ugoro, mkwe wangu. Usichanganye mambo."

Alhamisi, 12 Machi

Leo pombe. Nilichora ini ubaoni, nikaeleza. Kwenye dawati la mwisho hukaa msichana wanayemwita Msusi, maana nusu ya vichwa vya wasichana wa darasa lile vimepita mikononi mwake. Si msemaji. Leo akauliza, "Mwalimu, mtu akizimia kwa pombe anafanywaje?"

Kabla sijajibu, darasa lilishajibu. Anamwagiwa maji. Anapewa kahawa nzito. Anatembezwa. Anaachwa alale, kwani mlevi hafi, anachelewa kuamka tu. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, na kila mmoja aliisema kwa uhakika wa mtu aliyeiona ikitumika nyumbani.

Nikasema nitauliza, nitawaletea jibu. Msusi akaitikia kwa kichwa, akarudi kutazama dirishani. Miaka yote hii ninafundisha ini, na sikujua jibu.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda kwa mdogo wangu, muuguzi wa zamu za dharura. Alikuwa anafua. Nilipomweleza, alifuta mikono akanilaza sakafuni palepale.

"Wewe umelewa, umezimia. Ukilala chali ukatapika, matapishi yanakwenda wapi?"

"Yanarudi kooni."

"Unakufa huku watu wanakuona umelala. Sasa tazama." Akaukunja mguu wangu mmoja, akanivuta bega, nikageuka kama gunia. Mkono wangu akauweka chini ya shavu, kidevu akakiinua kidogo. "Ubavu. Mdomo uelekee chini. Usimpe kitu, usimwagie kitu, usimwache peke yake. Sikiliza anavyopumua. Halafu ita mtu mzima."

"Na wakiogopa kuita?"

"Hapo ndipo wanapofia, dada. Wanatuletea maiti za watoto zimelowa maji, zimepewa kahawa. Ukiuliza mbona mmechelewa, wanasema tuliogopa mwalimu, tuliogopa baba." Akarudi kwenye beseni lake. "Nyie mnawafundisha kifo. Kifo wanakijua. Wafundishe kupumua."

Alhamisi, 19 Machi

Nimeondoa meza za mbele. Wakili akajitolea kuwa mlevi, akayumba, akaanguka kwa madaha mengi kuliko inavyohitajika. Nikawaonyesha. Kisha wakajaribu wawiliwawili, sare zikichafuka, kicheko kikipaa mpaka darasa la jirani. Msusi alimgeuza Wakili kwa mkupuo mmoja, kimya kimya, kama aliyewahi kufanya.

Mlevi akainuka akijipangusa. "Swali, mwalimu. Aliyekwenda kuita, kama naye amekunywa?"

"Anaita vilevile."

"Halafu anafukuzwa shule."

"Anayesema ukweli kumwokoa mwenzake hataadhibiwa."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Una uwezo huo, mwalimu?"

Nikasema ninao. Sikuwa nao.

Jumatatu, 23 Machi

Mkuu aliniita. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za mama mkwe. Ni mtu mwema, sijawahi kumsikia akipaza sauti. Kisha akasema, "Nasikia unawafundisha kulewa salama."

"Nawafundisha kutokufa."

"Mzazi akisikia hatatofautisha." Akatabasamu. "Rudi kwenye picha, mwalimu. Watishe kidogo. Mtoto asiyeogopa haongozeki."

Mwalimu wa nidhamu alikuwa amesimama mlangoni, fimbo kwapani. Hata sisi wenzake tunamwita Nyundo. Hakusema kitu. Lakini nilijua yuko upande gani; fimbo ilikuwa imeshasema.

Alhamisi, 26 Machi

Bangi na gundi. Mkuu alikuja kukaa nyuma ya darasa. Hakuna aliyeuliza swali.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua kubwa. Nusu ya darasa haikufika. Tumefanya zoezi la kuandika tu.

Ijumaa, 10 Aprili

Naandika ya jana, kwa sababu jana nilirudi nyumbani usiku mno.

Michezo ya mchana iliahirishwa kwa mvua, wanafunzi wakatawanyika chini ya mapaa. Nilikuwa ofisini na mkuu na Nyundo, wengine wamekwisha kwenda zao. Mlango ukapigwa kikumbo, akaingia Wakili, amelowa chapachapa. Harufu ilifika kabla ya maneno.

"Msusi haamki."

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Stoo ya viti vibovu. Nimemlaza ubavu, mwalimu. Mkono chini ya shavu. Wenzetu wamekimbia. Sikumwacha peke yake, nimepiga kelele mpaka mpishi akaja, yupo naye." Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Nami nimekunywa. Kidogo. Lakini nimekunywa."

Tukakimbia. Stoo ile inanuka panya na mbao mbichi. Mpishi wa shule alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, kiganja kimoja mgongoni kwa Msusi, akihesabu pumzi kwa sauti kama anayehesabu magunia. Pembeni palikuwa na chupa ya maji ya matunda. Ndani yake hapakuwa na maji ya matunda. Nilimwita Msusi kwa jina lake, nikamfinya sikio. Hakujibu. Midomo ilikuwa imepoteza rangi, ngozi imekuwa baridi. Alipumua, akakaa bila kupumua, akapumua tena. Ule muda wa kukaa ndio sitausahau.

Mkuu alisimama mlangoni na mwavuli. Gari pekee lililobaki uwanjani lilikuwa lake. "Tumpe muda kidogo," akasema kwa sauti ileile ya kubembeleza. "Pengine atazinduka. Tukimpeleka hivi na sare ya shule, mji mzima utajua kabla ya jua kuzama."

Nilifungua mdomo, sikuwahi. Nyundo aliitupa fimbo chini, akainama, akambeba yule msichana mikononi akiwa vilevile kiubavu, kama mtu abebaye kitu kilichojaa maji. Akapita mbele ya mkuu, akanyoosha vidole vya mkono mmoja.

"Ufunguo."

"Mwalimu, hebu tufiki..."

"Ufunguo, mama."

Akampa.

Nilikaa kiti cha nyuma, kichwa cha Msusi pajani kwangu, uso umeelekea chini. Hatujafika mbali akatapika, mengi, juu ya sketi yangu na viti vya mkuu. Nikayasikia yakitoka nje, si kurudi ndani, nikashika kidevu chake kwa vidole viwili kama nilivyoonyeshwa nikiwa nimelala kwenye sakafu ya mdogo wangu. Nyundo aliendesha mbio. Kwenye kioo niliona taya yake ikicheza.

Hospitalini walimpokea kwa machela, wakatufungia mlango. Baadaye daktari, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, alitoka akauliza, "Nani alimlaza ubavu?"

Nikasema ni mwanafunzi.

"Angemlaza chali msingekuwa mnaniuliza kitu sasa hivi." Akarudi ndani.

Nyundo aliketi kwenye benchi, akainamisha kichwa. Nilidhani anasali. Alikuwa anatazama mikono yake.

Jumamosi, 11 Aprili

Msusi amezinduka. Sauti haijarudi vizuri. Baba yake ni muuza nyama, mtu wa mwili wa kujaza mlango, na alikuwa amekuja na koti lake la kazi, damu imekauka kwenye mikono ya koti. Mama hayupo, alifariki Msusi akiwa mdogo.

"Uliipata wapi?" baba akauliza.

"Kabatini, baba."

Hakuuliza kabati lipi. Akashika chuma cha kitanda, akakiachia, akakishika tena. Kisha akanigeukia. "Huyo kijana aliyemlaza, mmemfanya nini?"

"Bado. Kikao ni Jumanne."

Jumatatu, 13 Aprili

Wakili hakuja darasani. Wale wawili waliokimbia walikuja, wameketi wima kuliko wote.

Jumanne, 14 Aprili

Kikao cha bodi. Chumba kidogo, watu wengi, madirisha yamefungwa kwa mvua. Walikuwepo wajumbe wa bodi, mkuu, Nyundo, mimi, muuza nyama, na mama yake Wakili, mshona nguo, aliyekuja na sindano bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni.

Mkuu aliongea vizuri. Akasema wanne walikunywa, wanne waondoke, maana samaki mmoja akioza wote wameoza. Mjumbe mmoja akaitikia kwa kichwa. Mwingine akatazama saa.

Mama wa Wakili akasimama. "Nauliza jambo moja, wazee wangu. Mwanangu amekosa, sitetei. Lakini aliambiwa na mwalimu kwamba akisema ukweli hatafukuzwa. Je, mwalimu alidanganya?"

Macho yote yakanigeukia. Nikasema, "Nilimwahidi. Sikumwuliza mtu ruhusa. Na bado naona niliahidi jambo sahihi. Mkimfukuza leo, mwakani atazimia mwingine kwenye stoo ileile, na watakimbia wote. Watakuwa wamejifunza kutoka kwetu."

"Mwalimu anahalalisha ulevi," mjumbe wa saa akasema.

Hapo Nyundo akanyanyuka. Nilijiandaa kwa mabaya.

"Mimi nimechapa watoto wa shule hii tangu wengine wenu mkiwa hamjaingia bodi," akasema. "Nimechapa wavuta sigara, nimechapa wanywaji, nimechapa na waliowaficha. Fimbo yangu inajulikana. Sasa niwaambieni. Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyenijia mbio kuniambia mwenzake anakufa. Hata mmoja. Huyu bibi amefundisha wiki chache, amekuja mmoja." Akavuta pumzi. "Mkitaka kumfukuza, mfukuzeni. Lakini mtafute mtu mwingine wa kumtangazia. Mimi simtangazii."

Akaketi. Muuza nyama akasema, bila kusimama, "Na wangu mtamfukuza akiwa kitandani? Basi niandikieni sababu, nibandike buchani. Watu wangu wananunua huku wakisoma."

Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke. Mambo yakageuka hapo, si kwa hoja yangu. Hatimaye wakaamua: Wakili asifukuzwe, ila hawezi kuachwa hivi hivi, atachimbua mtaro ulioziba. Wawili waliokimbia wakae nyumbani wiki mbili. Msusi arudi daktari akimruhusu.

Nje, mkuu alinifikia chini ya paa. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na ukali, na nikaona ilikuwa sauti yake ya kweli. "Wewe una darasa moja, mwalimu. Mimi nina watoto mia sita na wazazi wao. Shule ikipata jina baya, hao mia sita wanakwenda wapi?"

Siku zote nimemwona mpole, na Alhamisi ile nikamwona mwoga. Leo nilimwona mtu aliyechoka.

Jumatano, 15 Aprili

Wakili alinikuta ofisini kabla ya kengele.

"Mwalimu, ulisema anayesema ukweli hataadhibiwa."

"Nilisema."

"Mtaro si adhabu?"

"Ni adhabu."

"Basi ahadi haikutimia."

"Haikutimia yote. Nilikuahidi kitu kisichokuwa mkononi mwangu."

Nilisubiri kesi ndefu. Akasema tu, "Sawa," na hiyo sawa ilikuwa mbaya kuliko kesi.

Alhamisi, 16 Aprili

Mchana nimevaa mabuti ya mume wangu, nimechukua koleo kwa mpishi, nimeshuka mtaroni. Wakili alikuwa ndani ya matope mpaka magotini.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Ahadi ni deni. Siwezi kulilipa lote, nalipa nusu."

"Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Chimba."

Tukachimba. Tumetoa majani, mifuko, kiatu cha mtu, na vipisi vya sigara vingi kuliko nilivyodhani vinaweza kuingia katika mtaro wa shule. Wakili akauliza kama hao wavutaji nao ni wanafunzi. Nikamwambia ukuta wa pili wa mtaro ni wa ofisi ya walimu. Akacheka mpaka akashikilia koleo asianguke. Nami safari hii nikacheka.

Jioni maji yakaanza kutembea.

Ijumaa, 17 Aprili

Mgongo.

Alhamisi, 23 Aprili

Msusi amerudi. Wasichana walimzunguka, hakuna aliyejua la kusema, hivyo mmoja akakaa mbele yake akafumua nywele, akampa kitana. Akamsuka. Ikawa ndiyo salamu.

Katika kipindi nilirudia somo la kwanza, sigara, bila picha za ukutani. Waliuliza sana. Nyundo alipita dirishani, akasimama kidogo, akaenda. Fimbo yake sijaiona tangu ile siku ya stoo. Wanasema bado anayo.

Baada ya kengele Msusi alibaki. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya kitabu.

"Mwalimu, mimi sikushawishiwa. Watu wanasema marafiki wabaya. Mimi ndiye niliyewapelekea."

"Nimesikia."

"Na haikuwa mara ya kwanza."

Nikaketi kwenye dawati la mbele yake, nikamgeukia.

"Umetufundisha tusianze," akasema. "Ukatufundisha mtu akizimia. Hapo katikati hujafundisha. Mtu ameshaanza na bado hajazimia, anafanyaje?"

Nilifikiria ubao wote niliochora tangu Machi. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa jambo hilo. Nikamwambia sijui, lakini kuna mshauri kwenye zahanati, mdogo wangu anamfahamu.

"Nitakwenda peke yangu?"

"Nitakwenda nawe. Lakini baba lazima ajue."

Akaikunja tena pembe ya kitabu. "Basi umwambie wewe," akasema.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimemwambia, buchani, wateja wakiwa wamepanga foleni. Aliendelea kukata mfupa. Alipomaliza, akalifuta panga, akauliza, "Saa ngapi?"

Jumatatu, 27 Aprili

Zahanati. Mvua imepungua, zimebaki rasharasha. Mshauri ni mzee mwembamba wa miwani, chumba chake kina meza, viti viwili na benchi. Nilitaka kungoja nje, Msusi akanishika mkono wa gauni, nikabaki nimesimama ukutani. Yeye na baba yake wakakaa vitini.

Mshauri alimwuliza Msusi pole pole. Alianza lini. Alikunywa wakati gani. Alijibu akitazama sakafu: alianza likizo ya mwaka juzi, jioni, nyumba ikiwa kimya, aliona pombe ikimfanya mtu alale bila kulia, akataka naye kulala. Hakutaja alimwona nani. Sote chumbani tulijua.

Mshauri akamgeukia baba. "Nyumbani sasa ipo?"

"Ipo."

"Inaweza kutoka?"

Muuza nyama alitazama viganja vyake. Alianza kusema kitu kuhusu kazi, kuchoka, baridi ya alfajiri kwenye machinjio; akakiacha njiani. "Nilijaribu alipofariki mama yake," akasema. "Nilishindwa."

"Unataka kujaribu tena? Siku ya watu wazima ni kesho asubuhi."

"Kesho sitakuja." Alisema bila ubishi, kama anayetaja bei, akajionyesha kifuani kwa kidole. "Namjua mtu huyu. Niandike leo, mzee, kabla sijatoka mlango huu."

Mshauri akavuta kalamu. Akauliza jina, akauliza umri, akauliza anakunywa kiasi gani. Muuza nyama akajibu la kwanza, akajibu la pili, kisha kwa la tatu akageuka kutazama mlango.

Msusi akainua macho, akamjibia.